Ruzuku ya nishati safi: Serikali imnunulie maskini mtungi, au imnunulie moto?

Mpangaji wa Mlandizi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nyumba ninayopanga ina vyumba sita. Tangu mwaka jana imeingia mitungi minne ya gesi, ile midogo ya kilo 6, yote ya bei ya ruzuku. Juzi nimepita vyumbani kuomba kiberiti nikajikuta nahesabu. Mmoja unawaka. Mmoja umegeuzwa kigoda cha ndoo ya maji. Mmoja uko nyuma ya mlango, umefunikwa kanga. Wa nne, ambao ni wangu, nisijifiche, uko juu ya kabati tangu Ramadhani. Huko uani majiko ya mkaa yanafuka kama siku zote.

Kwa asiyefuatilia: Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034. Shabaha yake ni kwamba ikifika 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Safari ni ndefu, maana kaya kama tisa katika kila kumi zilikuwa kwenye kuni na mkaa, na Serikali yenyewe hutaja vifo 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa jikoni. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, wakapewa kazi ya kuuza mitungi 452,445 kwa nusu bei. Ukigawa ni mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Nilikwenda na kitambulisho changu cha NIDA, nikatoa 20,000, nikaondoka na mtungi na kichomeo chake. Nilitembea nao barabarani kama mtu aliyeshinda kombe.

Sasa mbona tumerudi kwenye mkaa? Siyo ushamba, wala siyo ladha ya pilau. Kwetu hapa kujaza mtungi ule ni 24,000. Nikiubana, maharage nikayapeleka kwenye mkaa, unanivusha wiki tatu. Mkaa napima kopo la 1,500 kila siku, kwa mwezi 45,000. Hata mtoto wa darasa la tatu ataona gesi ni nafuu. Lakini mimi ni mtu wa kibarua, jioni natoka na 8,000 au 10,000. Ile 1,500 ya kopo haikosekani. Hiyo 24,000 iliyotulia mahali pamoja, isiguswe na homa ya mtoto wala rambirambi, naipata mara ngapi kwa mwaka?

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba ruzuku imewekwa pasipouma. Mtungi unanunuliwa mara moja, moto unanunuliwa kila siku. Ningekuwa mimi ndiye ninayegawa, nusu ya hela ya mitungi mipya ningeihamishia kwenye kujaza ile ambayo tayari imekaa juu ya makabati.

Karibuni. Matusi hapana.

Fundi Bati

Umegusa mtungi, ngoja mimi niguse jiko, maana REA hao hao wana majiko banifu ya mkaa na kuni ya bei ya ruzuku.

Nina mwaka wa 17 pale mtaa wa Gerezani, Dar, nagonga bati. Hili jiko letu lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lilienea kutoka Nairobi miaka ya 1980. Wenzetu walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakaliunganisha na jiko la bati la kwetu. Ule udongo ndio siri: joto halitoroki pembeni, mkaa unadumu. Wala mnunuzi hakupewa ruzuku. Mafundi walifundishwa, wakashindana, bei ikashuka yenyewe, jiko likafika mpaka huku.

Leo mteja anasimama mbele yangu ananiuliza kwa nini langu ni 15,000 wakati la kwenye gari la ruzuku ni chini ya hapo. Nimjibu nini? Kwamba na lile amelilipa 15,000, ila sehemu kubwa aliitoa kwenye kodi ya sabuni na vocha bila kujua? Gari likiondoka kesho, udongo wa jiko lile ukipasuka, ataniletea mimi nilitengeneze. Na mimi nitakuwa nimeshahama, nauza fremu za madirisha.

Serikali ikitaka kusaidia, itupe mikopo ya tanuri za kuchomea udongo na itupimie majiko yetu iyagonge muhuri. Iache kuuza.

Mama Lishe Tandika

Fundi Bati kaka yangu, nimeelewa uchungu wako ila nisamehe. Majiko matatu nimenunua huko Gerezani. Moja udongo ulidondoka wiki ya pili, nikapikia bati tupu mwezi mzima. Ukirudi kwa fundi anakwambia ulimwaga maji likiwa la moto. Kila fundi wimbo wake ni huo. Hilo la muhuri naliunga mkono kwa mikono miwili, lakini muhuri uje kwanza ndipo mlalamikie gari.

Sasa mleta mada. Mimi napika kilo nne za maharage kwa siku, wali, ugali na samaki. Nalisha watu kama 60. Serikali ilitoa amri, taasisi inayolisha zaidi ya watu 100 iache kuni na mkaa mwisho Januari 31, 2024, na zile za zaidi ya 300 wakapewa mpaka Januari 31, 2025. Shule, magereza, kambi. Mtu mwenye kaya anapewa mtungi wa kilo 6. Mimi amri haijanifikia, na msaada haujanifikia. Niko katikati na sufuria langu.

Mtungi wa kilo 6 kwangu ni wa chai tu. Maharage yakikaa juu yake saa tatu, imekwisha hadithi.

Mzee wa LUKU

Mama, hapo kwenye maharage ndipo mnapoachwa gizani, na mimi ni fundi umeme, nitasema ninachokijua.

Kuna sufuria la umeme la presha. La wati 1,000. Halivuti umeme muda wote. Likishapandisha presha linakata, linashika tena kidogo, linakata. Hata tuseme limevuta nusu saa mfululizo, hiyo ni nusu uniti. Nusu uniti kwa bei ya kawaida ya 356 ni shilingi 178. Maharage ya familia kwa shilingi 178, mleta mada! Kopo lako ni 1,500. Ukipika humo maharage, wali na mchuzi ukamaliza uniti nzima kwa siku, mwezi mzima ni 10,680.

Na umeme upo. Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 2,115, mitambo tisa, wa mwisho ulikamilika 2025. Gesi ya mtungi inaletwa kwa meli na kulipiwa dola. (Wengi wanadhani ni ile ya Mtwara. Siyo. Ya Songo Songo na Mnazi Bay inasafiri kwa bomba, inafika viwandani, kwenye mitambo ya umeme na nyumba chache. Hii ya mtungi ni kitu kingine.) Kwa nini tunagawa kinachoagizwa nje tunaacha kilichopo?

Lakini nije kwenye jambo ambalo halisemwi. Mtumiaji mdogo yuko kwenye tarifu ya D1, yaani mwisho uniti 75 kwa mwezi, bei 122 ukijumlisha kodi na tozo. Huo ni msaada mzuri sana kwa maskini. Sasa mchukue mama anayetumia uniti 60: taa, redio, friji ndogo. Analipa 7,320. Mshawishi anunue sufuria la presha, aongeze uniti moja kwa siku. Anafika 90. Amevuka 75. Akiendelea hivyo anahamishiwa tarifu ya kawaida, na hapo uniti ZOTE, hata za taa, zinakuwa 356. Jumla 32,040.

Piga hesabu. Uniti 30 za kupikia zimemgharimu 24,720 zaidi. Ni 824 kwa uniti moja! Hakuna tajiri Masaki anayenunua umeme kwa bei hiyo. Na tazama, ni karibu sawasawa na hela ya kujaza mtungi wa mleta mada.

Yaani mkono mmoja wa Serikali unamwambia mama apikie umeme, mkono wa pili unamkata bei nafuu siku anapotii.

Mpangaji wa Mlandizi

Mzee wa LUKU, hii sikuijua. Ila sisi hata hiyo 122 tunaisikia redioni tu. Vyumba sita, mita moja. Tunachanga kwa mwezi, na kwa jumla tunavuka 75 kabla ya tarehe 10. Kwa hiyo mlinzi anayekaa chumba kimoja na taa mbili ananunua kwa 356, na bwana mwenye nyumba yake na mita yake, mke mmoja, watoto wako bweni, ananunua kwa 122. Tarifu ya maskini inapima mita, haipimi watu.

Mama Lishe Tandika

Na ugali mtausonga ndani ya hilo sufuria la kufunga kifuniko?

Mzee wa LUKU

Hapana mama, ugali na chapati ni jiko la sahani. Hilo nalo linakula umeme vizuri, sikufichi. Ndiyo maana sikusema achana na gesi. Maharage na makande kwenye presha, ugali kwenye gesi, na mtungi utakwenda miezi miwili.

Mwana wa Likoni

Ndugu zangu, niwape ya huku Kenya, msije mkarudia makosa yetu.

Serikali yetu iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia 2016. Watu wakaanza kuzoea. Julai 2021 VAT ikarudi, asilimia 16 kwa mpigo. Watu walirudi kwa makaa na mafuta ya taa mchana kweupe, mitungi ikawa mapambo. 2022 ikapunguzwa kuwa 8, na 2023 ikaondolewa tena. Mwananchi hawezi kubadilisha jikoni kwake kila bajeti inaposomwa.

Tulikuwa pia na mpango wa serikali wa mitungi ya kilo 6 ya bei rahisi kwa wenye kipato cha chini. Ulikwama, mitungi mingi iligunduliwa na hitilafu. Kwa hiyo mtungi wenyewe wa bei rahisi si jibu, hata kabla ya kufika kwenye kujaza.

Kilichonisaidia mimi ni gesi ya mita. Mtungi unabaki wa kampuni, juu yake kuna mita, unalipa kwa simu shilingi 50 ama 100 za Kenya, gesi inafunguka. Unanunua moto kama vile mleta mada anavyonunua kopo la mkaa. Najua hata Dar mliwahi kuwa nayo. Mbona ruzuku yenu isikae hapo? Mtu akiweka 50, serikali iongeze 20.

Mlipakodi

Nasoma tu nacheka. Ruzuku ya mtungi, ruzuku ya kujaza, ruzuku ya uniti, sasa na ya mita. Hela inatoka wapi? Mwenye duka Mwanza anatozwa ili mtu wa Mlandizi apike bila moshi. Mimi napendekeza kitu kimoja: TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wana majina ya kaya maskini, wapeni taslimu, wachague wenyewe. Akitaka mkaa, mkaa. Akitaka daftari la mtoto, daftari. Kwa nini mtu wa ofisini Dodoma aamue kwamba shida ya kwanza ya mama wa Nkasi ni moshi?

Mama Lishe Tandika

Mlipakodi, wewe hupiki. Hela taslimu ikiingia nyumbani mume anaiona kwanza yeye, moshi anaupata mwingine.

Mlipakodi

Hilo ni la ndoa, si la nishati.

Mama Lishe Tandika

Njoo ukae uani kwangu kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne, kisha urudie hiyo sentensi.

Msitu wa Kilosa

Kila mtu humu anazungumzia mkaa kama vile ni dhambi. Mimi natoka kijiji kinachoishi kwa mkaa na sioni aibu.

Kuanzia 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa viliingia kwenye utaratibu wa mkaa endelevu. Msitu wa kijiji umepimwa vitalu vya mita 50 kwa 50. Tunavuna kimoja tunaruka kinachofuata, ukitazama kutoka juu ni ubao wa drafti. Kisiki hatuking'oi, kinachipua, na kitalu kile tunarudi baada ya miaka 24. Ushuru unaingia kijijini. Madarasa yamejengwa kwa huo mkaa. Kinachomaliza msitu huku kwetu zaidi ni shamba jipya la mahindi, maana anayefyeka shamba haachi kisiki.

Mkifanikiwa 2034, mjini wakaacha mkaa wote, kijiji changu kitakuwa na sababu gani ya kuulinda ule msitu? Tutalima. Jambo hilo nalo liingie kwenye hesabu zenu za uniti.

Na mtu asinitajie mkaa mbadala wa STAMICO, lile Shirika la Madini la Taifa. Ule unatoka kwenye makaa ya mawe ya Kiwira. Tumeambiwa tuhame kwenye mkaa, tukahamia kwenye makaa.

Mpangaji wa Mlandizi

Msitu wa Kilosa, umeniweka pagumu, nakiri. Lakini kopo ninalopima mimi halina jina la kijiji. Linakuja usiku kwenye pikipiki, gunia tatu zimefungwa nyuma, taa imezimwa. Sijui kama limetoka kwenye kitalu chako au kwenye hifadhi ya mtu. Mkaa wenu umelipiwa ushuru, kwa hiyo ukifika huku ni ghali zaidi, na mimi ni mtu wa 1,500. Hapo umaskini wangu ndio unaovunja drafti yako.

Niko Leicester

Salaam kutoka baridini. Huku Uingereza maskini hahangaiki na moshi, anahangaika na nyumba isiyoshika joto. Kuanzia 2013 serikali ilizilazimisha kampuni kubwa za nishati zigharamie kuboresha nyumba za wenye kipato kidogo: kubadilisha mitambo ya kupasha joto, kuziba dari, kuvalisha kuta za nje koti la kuzuia baridi. Mpango mzuri kwenye karatasi. Oktoba 2025 ofisi ya taifa ya ukaguzi ikatoa ripoti: nyumba kati ya 22,000 na 23,000 zilizovalishwa koti hilo zina kasoro kubwa za kurekebishwa. Ni asilimia 98 ya zilizofanyiwa kazi ya aina hiyo kwenye awamu ya karibuni. Jirani yangu ni mmoja wao; zamani alikuwa na ukuta baridi, sasa ana ukuta baridi wenye ukungu.

Aliyelipwa ni mfungaji, na alilipwa akishafunga. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kurudi Januari kugusa ukuta. Nimesoma hapo juu mitungi 452,445 nikajiuliza, kuna mtu anayehesabu ile inayowaka?

Mama Lishe Tandika

Nyumba kuvalishwa koti? Haya, Mungu ana waja wake. Lakini swali lako la mwisho nimelipenda.

Mpangaji wa Mlandizi

Niko Leicester, hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo sikuwa na maneno yake. Hakuna aliyerudi nyumbani kwetu kuuliza. Tukienda kwenye takwimu, sisi ni kaya nne zilizofikiwa. Kwenye ukweli ni kaya moja, na yenyewe ni ya mwalimu mwenye mshahara.

India walipitia hapa hapa. Mei 2016 walianza kuwaunganishia gesi wanawake maskini, na kufikia Septemba 2019 walishafikisha kaya milioni 80. Wengi wakawa hawarudi kujaza. 2022 wakaongeza ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, ikapanda hadi 300 mwaka 2023. Hata wao walianza na mtungi, moto ukaja baadaye. Sisi tumeona kosa lao, tuna sababu gani ya kulirudia?

Mlipakodi, sikuombi hela mpya. Naomba ile ile ihame. Na Fundi Bati, naondoa majiko kwenye hoja yangu. Umenishinda hapo: ruzuku ikae kwenye tanuri na muhuri wenu. Kwa Mzee wa LUKU naongeza dai ambalo sikuja nalo: mwenye sufuria la presha asiondolewe D1 kwa sababu ya uniti za kupikia.

Mlipakodi

Na utajuaje kwamba uniti zile ni za kupikia, siyo za kuuza barafu?

Mzee wa LUKU

Hapo ameuliza vizuri, mita haijui. Njia rahisi ni kupandisha kikomo kiwe 120 kwa wote walioko D1. Muuza barafu naye atafaidi, sawa, ni maskini mwenzetu. Vinginevyo bei ipande ngazi kwa ngazi, zile 75 za kwanza zibaki 122 hata ukivuka, daima, bila kuhamishwa. Mtu asidondoke kutoka ghorofani kwa sababu ya uniti moja.

Mwana wa Likoni

Hiyo ya ngazi ni ya haki. Na wapangaji?

Mzee wa LUKU

Wapangaji ni mita. Kila chumba mita yake. Mleta mada, umewahi kumwomba mwenye nyumba?

Mpangaji wa Mlandizi

Nimemwomba leo asubuhi, baada ya kusoma hesabu zako. Kasema hana neno. Nijaze fomu mwenyewe, nilipie mwenyewe, nguzo kama inahitajika ni yangu. Na nikihama, mita inabaki ukutani kwake.